Turudishieni Juni

Kwa mameneja na walimu wakuu wa shule za msingi za Kanisa, Jimbo la Sumbawanga, na kwa wazazi wenye watoto huko, wakiwemo wanangu mwenyewe.



Mapadre, masista na walimu wenzangu, naandika nikiwa kwenye kigoda nje ya jiko langu, Chala, wilaya ya Nkasi, sweta mbili mwilini na bado upepo unanipata. Baada ya wiki mbili mtafunga shule. Siku hiyo naijua. Nilianza kushika chaki 1979, katika kundi lile la walimu waliofunzwa harakaharaka ili UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, isikwame, nikastaafu 2019. Hesabu kufunga shule mara mbili kwa mwaka, utaona nimefunga mara ngapi. Nawajua watoto waliokwisha kufunga tranka zao tangu usiku na hawakulala. Namjua mzazi anayeifungua ripoti na kwenda moja kwa moja kwenye nafasi, “wa 14 kati ya 46”, kabla hajatazama somo hata moja. Sikuja kuwafundisha kazi.

Nimekuja kudai. Nadai mwezi wa Juni.

Nina wajukuu wawili katika shule moja ya Kanisa. Sitaitaja, na msihangaike kuitafuta, maana ninayoyasema yanafanyika katika nyingi. Wa kike yuko darasa la sita, bweni. Wa kiume yuko la nne, kutwa, na kwa utani wetu wa bibi na mjukuu huyo ndiye mume wangu. Juni iliyopita wa kike nilimpata siku tisa tu. Siku nyingine zote za likizo alikuwa kambini shuleni, anaandaliwa kwa ajili ya darasa alilokuwa bado hajaliingia. Mume wangu alikuja likizo nzima, lakini alikuja na mgeni: bunda la karatasi kurasa 64, limebanwa pini pembeni, wenyewe mnaliita pakeji ya likizo. Baba yake aliniagiza kwa simu, “Mama, hakikisha anafanya kurasa tatu kila siku.” Nikaitikia. Niliwaagiza wazazi wa watu hivyo hivyo kwa miaka mingi, nikajua dawa imerudi kwa mganga.

Siku moja nilikuwa nimetandika turubai uani, ulezi umeanikwa. Akakaa pembeni yake na pakeji magotini. Kulikuwa na swali la kuchagua zao la nafaka, kwa Kiingereza, majibu manne. Akanisomea yote manne kwa sauti ya msomaji wa somo la pili kanisani, akazungushia duara lile la ulezi. Amepata. Kisha akachota kiganja cha kile kilichokuwa mbele yake, akakitazama, akaniuliza, “Bibi, hizi mbegu ni za nini?”

Jina la Kiingereza la ulezi alilijua. Ulezi wenyewe hakuujua, na uji wake anakunywa kila asubuhi.

Sikumcheka, na wala siwalaumu walimu wake kwa hilo. Mtoto wa mjini ataujulia wapi ulezi? Anaondoka nyumbani alfajiri na anarudi jioni. Atakapoujulia ni hapa, na ni sasa, kwa sababu ulezi hauvunwi Januari. Juni ya Ufipa si mwezi kama mingine. Mvua zimekwisha zamani, nyasi za uwandani zimegeuka rangi ya simba, mahindi yamekaukia shambani na yanasubiri mikono. Maharage yako uani yanapigwa fimbo. Alizeti inainamisha vichwa. Ni mwezi ambao kila nyumba ina kazi inayomfaa mtu wa miaka sita na inayomfaa mtu wa miaka sabini, na wote wawili wanaifanya wakiwa wamekaa mahali pamoja. Katika mwaka mzima hakuna mwezi mwingine wa namna hiyo. Wakati wa kupalilia mtoto anachoka mapema na wakati wa kulima anasumbua ng'ombe. Wakati wa kupukuchua ndio wake.

Na ndio mwezi mnaouchukua.

Niiteni mzee mkitaka, lakini naomba mnisikilize juu ya jambo la bweni, maana nyumba zetu za Kanisa zina historia nalo. Wamisionari wa Afrika walipoichukua ngome ya Karema kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, watoto wa kwanza waliowakusanya walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Hawakuwa na kwao. Misheni ikawa ndiyo kwao: hapo walilala, hapo walikula, hapo walifundishwa. Mganga wetu mashuhuri wa Karema, Adrian Atiman, alikuwa mtoto wa namna hiyo hiyo, ametekwa utotoni huko upande wa Timbuktu, akakombolewa, akasomeshwa tiba Malta, akaletwa kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika 1889 na kuwatibu watu hapo hadi alipofariki 1956. Kwa mtoto kama Atiman, misheni kumlaza mwaka mzima ilikuwa huruma.

Wajukuu zangu wana kwao. Ni hapa, nyumba ya pili baada ya kisima.

Mfipa wa zamani hakushangazwa na mtoto kulala nje ya nyumba ya wazazi. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu familia za Nkansi na ujio wa Ukatoliki, anaeleza jinsi watoto wa huku walivyohama nyumba ya wazazi wangali wadogo wakalale na wenzao wa rika au kwa wakubwa wengine, na jinsi misheni ilivyojipenyeza katika desturi hiyo. Mimi sikuhitaji kitabu, nililala hivyo mwenyewe. Tulikuwa wasichana sita kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane, tunagombania ngozi ya kujifunika. Lakini asubuhi tulirudi. Tulichota maji ya mama, tulikula chungu cha mama, tulikaripiwa na baba. Kulala kando kulikuwa kulala tu. Bweni la siku hizi limeuchukua na mchana, na sasa linainyemelea likizo.

Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Wazazi wengi mlinung'unika, nakumbuka. Mmoja alinipigia simu kuniuliza amweke wapi mtoto naye anafungua duka saa moja asubuhi. Shida yake ilikuwa ya kweli. Hata hivyo mimi niliwasha mshumaa kanisani. Wizara pia imekataza mara kadhaa kufundisha watoto wakati wa likizo. Mnayajua hayo kuliko mimi, ndiyo maana kambi siku hizi haiitwi masomo. Inaitwa “malezi”, au “mafungo ya kitaaluma”. Mafungo! Mapadre, neno hilo lilikuwa lenu.

Nakuja kwenye fedha, ambako najua mtaninunia.

Barua ya kufunga shule ina aya ya ada. Inasema mtoto hatapokelewa Julai bila kukamilisha awamu inayofuata, na anayedaiwa ripoti yake itabaki ofisini. Mwaka fulani nilimsindikiza jirani yangu kwenye shule moja mjini. Mtoto wake alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya mhasibu na wenzake wanne, wenzao wameshapanda magari. Mhasibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na daftari, na daftari lilisema laki mbili na themanini. Jirani yangu alikuwa na ekari nne za mahindi yaliyosimama shambani, mazuri kweli. Alikuwa tajiri, ila si siku ile.

Angalieni kalenda. Wanunuzi wakubwa, pamoja na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ambao kanda yao iko hapo Sumbawanga, wanataka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kwa baridi ya uwanda huu, mahindi yaliyovunwa mwanzoni mwa Juni hayafiki hapo bila kuanikwa na kugeuzwa kwa siku nyingi. Msimu wa ununuzi nao huchangamka Julai na kuendelea. Kwa hiyo mzazi anayetakiwa ada kabla ya kufungua ana mnunuzi mmoja tu, yule anayekuja na pikipiki hadi uani, fedha taslimu, bei yake mwenyewe na gunia lake la lumbesa. Ninyi hamkukusudia, lakini barua ya shule ndiyo inayomfungulia mlango mtu huyo. Na ugali mnaowapikia watoto, mahindi yake mnayanunua kwa nani mwezi wa Septemba? Isije ikawa ni yale yale ya jirani yangu, yamepita mikono mitatu na yamepanda bei mara tatu.

Seminari zetu zimepokea gunia la mahindi na debe la maharage kutoka kwa wazazi tangu zamani, na hakuna aliyeona aibu. Sogezeni awamu hiyo hadi mwisho wa Agosti. Kwa atakayeweza kuleta mahindi makavu, leteni mizani, yapimwe, yaandikwe kwenye risiti ya ada. Na ripoti mpeni mtoto. Alama ni zake. Deni ni la baba.

Nimefundisha darasa la saba miaka kumi na mmoja, basi msinijibu kwa mtihani wa Septemba kana kwamba siujui. Tangu kufungua Julai hadi mtihani zinabaki wiki tisa au kumi. Mtoto aliyekaa kambini Juni nzima anazianza wiki hizo akiwa amekwisha kuchoka. Nimewaona, wanasoma swali mara tatu bila kulisoma. Na kama mambo ya miaka saba hayakuingia, hayataingia kwa uji wa kambini na taa ya saa tatu usiku. Mkiona lazima, wapeni la saba daftari moja la marudio waende nalo. Moja.

Lipo jibu moja ambalo silipingi. Si kila nyumba ina bibi, na si kila nyumba yenye bibi ni salama. Kuna watoto wanaorudi likizo wakakuta mjomba mlevi, au mama wa kambo asiyewapa chakula. Kuna wanaobebeshwa magunia kama punda kwa sababu “wamekula ada”, na hilo nalo si likizo. Walimu wa malezi mnawajua watoto hao kwa majina. Kwao acheni mlango wazi, wapikiwe, wacheze mpira, walale hadi jua lichomoze. Ila msiwafundishe. Mtoto akibaki shuleni kwa huruma asilipishwe huruma hiyo kwa hesabu za sehemu.

Nilisema wa kike nilimpata siku tisa. Siku ya kwanza nilimpa ungo wa maharage apepete. Akaushika kama sinia la chai, akauinua kwa mabega, maharage yakaenda upande wake na makapi yakamrudia usoni. Kupepeta ni kazi ya vifundo vya mikono. Unaurusha mbele kidogo na kuurudisha mapema, kabla maharage hayajajua kwamba yameachiwa, na unasimama ubavu kwa upepo, si kifua. Hayo nilimwambia kwa maneno siku ya kwanza na ya pili, bure. Siku ya tatu nikanyamaza, nikachukua ungo wangu nikasimama mbele yake. Aliharibu. Alikasirika. Alikwenda kukaa kwa mbuzi. Siku ya nane mkono ukakubali: niliusikia kabla sijauona, maana ungo unaopepetwa vizuri una sauti yake, kama mtu anayetembea kwenye majani makavu bila haraka. Alipepeta debe zima asiinue uso. Siku ya tisa baba yake akaja na gari kumrudisha kambini.

Mikono husahau. Mwaka huu itabidi tuanze na sinia la chai tena.

Wazazi, sasa nawageukia ninyi, na hasa wanangu. Ninyi mmetokea kwenye nyua hizi. Mmelelewa na jembe na ng'ombe, mkasomeshwa na mahindi, na mkiwa ofisini mnajisifu kwamba mmetoka mbali. Leo mnawapeleka watoto kwenye shule ambako anayeongea Kiswahili anaadhibiwa, hata wakija kwangu wiki ya kwanza wanazungumza kwa kunong'ona, kana kwamba kiranja amejificha nyuma ya kihenge. Kifipa ndiyo kabisa. Mama yangu mdogo ana miaka zaidi ya tisini, Kiswahili chake kimebaki cha kanisani tu. Mume wangu alipomsalimia alimwambia “Shikamoo”, yeye akajibu kwa Kifipa maneno marefu yenye baraka ndani yake, mtoto akanitazama mimi nimtafsirie. Nilitafsiri. Baraka iliyotafsiriwa ni kama chai iliyopoa.

Na kuna wengine mlioko Dar es Salaam na Mwanza mnaogopa kuwaleta kwa sababu ya sifa tuliyopewa. Mnacheka na wenzenu ofisini mkisikia Sumbawanga, halafu usiku mnamwambia mtoto asile kwa jirani. Jina la mji, kwa maana tunayoisimulia sisi wenyewe, ni agizo la kuutupa uchawi. Wachawi wangapi wangekaa kwenye mji wenye tangazo kama hilo mlangoni? Mleteni mtoto. Atarudi na uzito umeongezeka.

Hataacha dini pia, kama hilo linawasumbua masista. Juni ni mwezi wa Moyo Mtakatifu, na jumuiya yetu husali alfajiri, nyumba kwa nyumba, kabla watu hawajaenda shamba. Watoto wa mjini wameimba nyimbo za shirika la Utoto Mtakatifu wakiwa kwenye mistari, sare zimenyooshwa. Hapa watakaa chini kwenye mkeka, pembeni ya mtoto ambaye hana viatu na anajua litania yote kwa kichwa. Shirika hilo tangu lianzishwe Ufaransa 1843 linasema watoto wawasaidie watoto, na mtoto wa kusaidiana naye yuko hapa. Mwaka jana alimfundisha mume wangu kutega ndege, na mume wangu akamfundisha jedwali la saba.

Nimalizie habari ya pakeji. Kurasa tatu kwa siku hazikufanyika. Ilipofika siku ya kuuza mahindi nilimkabidhi mjukuu kazi ya kuhesabu debe, na karatasi pekee nyumbani zilikuwa zile, nyuma yake zikiwa nyeupe. Akachora mistari, vijiti vinne na cha tano kinakata. Gunia ni debe sita. Mnunuzi, kijana mcheshi sana, alikuwa anashindilia, anatikisa, anaongeza, anashona kilemba cha nyasi juu. Kwenye gunia la nne mume wangu alisimama, “Bibi, hili ni saba.” Kijana akacheka akasema mtoto wa mjini huyo hajui kuhesabu. Mtoto akamwonyesha vijiti. Tukarudia kupima mbele ya majirani, ikawa saba na kidogo juu. Magunia matatu ya kwanza nayo yakafunguliwa. Siku hiyo nilipata debe nne ambazo mwaka mwingine wowote zingepanda pikipiki bila kuaga.

Julai alirudisha pakeji shuleni. Ilirudi nyumbani na wino mwekundu ukurasa wa kwanza: “Kazi haijafanyika.” Mwalimu hakuigeuza upande wa nyuma. Simlaumu, alikuwa na pakeji hamsini. Ninayo hapa, nimeiweka kwenye boksi la cheti changu cha kustaafu, na kila mwalimu mkuu anayepita barabara ya Namanyere anakaribishwa kuja kuigeuza mwenyewe.

Basi mwaka huu wangu wawili waachieni siku ya kufunga, wote wawili, bila karatasi, hadi siku ya kufungua. Baba yao awapandishe gari la asubuhi, si la jioni, nitakuwa stendi ya Chala. Na jamani, wanangu, sweta. Mwaka jana mliniletea mtoto na fulana ya kwenda ufukweni.

Bibi yao,
mwalimu mstaafu, Chala